Tofu ya Kopo na Hesabu ya Moto

Katika maduka ya vyakula vya Kiasia, yawe ya Nairobi, Dar es Salaam au London, tofu hupangwa mahali pawili pasipolingana hadhi. Ile mbichi hukaa kwenye friji, imezama majini ndani ya kibweta cha plastiki, na siku zake za kuliwa zinahesabika. Ile ya kopo hukaa rafu ya chini karibu na machipukizi ya mianzi, haina haja ya baridi wala ya haraka, kwa kuwa tarehe iliyopigwa chapa kwenye kitako chake bado iko mbali. Mteja anayeijua tofu huipita rafu hiyo bila kugeuza shingo. Mteja asiyeijua hulichukua kopo kwa sababu linafanana na vitu alivyovizoea, hulifungua nyumbani, huonja, na pengine asiguse tofu tena maisha yake yote. Nadhani wote wawili wanateleza palepale, kwa kuwa kila mmoja analipima kopo kwa kipimo cha tofu mbichi. Pwani hakuna anayemlaumu ng'onda kwa kutokuwa samaki wa leo, maana kila mtu anajua kwamba jua na chumvi vimeshafanya kazi yake na kwamba kilichobaki kina mapishi yake. Tofu iliyopitia kopo nayo imefanyiwa kazi, na faida zake na hasara zake hazieleweki mpaka ieleweke kazi hiyo ni ipi.

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa. Soya kavu hulowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na maji, kisha uji wake huchemshwa na kuchujwa kwa kitambaa, kazi ambayo mtu aliyezoea kukamua tui kwa kifumbu ataitambua mara moja, kwani hata machicha yake yanafanana. Maziwa yakiwa bado ya moto hutiwa kigandishi: huweza kuwa nigari, ambayo ni chumvi ya magnesiamu inayotokana na maji ya bahari, au jasi iliyosafishwa kwa ajili ya chakula, na wapishi wa nyumbani hutumia hata ndimu au siki. Protini hushikana na kufanya mabonge, mabonge hukandamizwa, maji hutoka, na kinachopatikana ni kipande cheupe ambacho takribani robo tatu yake au zaidi bado ni maji. Kina protini nyingi na maji mengi, hakina chumvi ya kutosha wala uchachu wa kukilinda, na vijidudu havihitaji karamu bora kuliko hiyo. Katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa Januari, tofu iliyotolewa kwenye friji asubuhi huwa imeshaanza kuchacha jioni.

Kopo linadai kulitatua tatizo hilo, na linalitatua kweli, lakini kwa moto ambao si wa kawaida. Hapa inafaa kulinganisha na mananasi ya Thika, ambayo yametiwa makoponi na kusafirishwa nje ya Kenya kwa miongo mingi. Nanasi ni tunda chachu. Kiwango chake cha pH kiko chini ya 4.6, na chini ya mpaka huo vijimbegu vya bakteria aitwaye Clostridium botulinum haviwezi kuchipua na kutoa sumu, hivyo joto la maji yanayochemka linatosha kulifanya kopo la nanasi kuwa salama. Tofu iko juu ya mpaka huo kwa umbali mkubwa. Vijimbegu hivyo vinaweza kustahimili maji yanayochemka kwa saa kadhaa, na ndani ya kopo lililozibwa, pasipo hewa, hujikuta katika mazingira yanayovipendeza hasa. Kwa hiyo kiwanda hakina njia ya mkato: ni lazima kopo liingizwe ndani ya mtambo wa mvuke wenye shinikizo, joto lipandishwe mpaka nyuzi 121 au karibu na hapo, na likae muda wa kutosha ili moto ufike katikati ya kipande, mahali ambapo joto huchelewa kuliko kwingine kote.

Jambo hili lina maana kwa kila msomaji aliyewahi kufikiria kutia tofu yake kwenye chupa za jamu na kuzichemsha jikoni. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,700, na maji yake huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi, kwa hiyo sufuria inayotokota huko ina moto pungufu hata kuliko ile ya Mombasa, na ile ya Mombasa yenyewe haitoshi. Sufuria ya presha hupandisha joto, lakini ili ifae ni lazima mtu ajue ni dakika ngapi zinahitajika kwa kipande cha ukubwa gani, na mwongozo wa kuhifadhi vyakula nyumbani unaochapishwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambao una vipimo vya vyakula chungu nzima, hauna kipimo cha tofu. Mwaka 2012, katika jiji la New York, wahamiaji wawili wenye asili ya China waliugua botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria huyo, baada ya kula tofu iliyochachushwa nyumbani. Haikuwa tofu ya kopo, lakini bakteria ni yuleyule na chakula ni kilekile. Katika jambo hili nasimama upande wa kiwanda bila kusitasita, na nasisitiza tu kwamba kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono wake hutupwa bila kuonjwa, kwa sababu sumu hiyo haina ladha ya kumwonya mlaji.

Moto unaoua vijimbegu, hata hivyo, hauchagui cha kugusa. Protini ya tofu ilikuwa imeshashikana mara moja wakati wa kugandishwa. Inapopandishwa tena mpaka nyuzi 121 hujikaza zaidi, husukuma maji nje, na sukari kidogo iliyobaki ndani yake huungana na protini na kuupa weupe wake rangi ya manjano inayoelekea kahawia. Mara ya kwanza nilipofungua kopo la tofu nyeupe isiyotiwa kiungo chochote, nilikuta vipande vilivyokuwa vigumu nje na vyenye chembechembe ndani, vikiogelea katika maji yenye utando, na harufu yake ilinikumbusha yai lililosahauliwa jikoni mpaka likaota ukingo wa kijani. Nilivila kwa kuwa nilikuwa nimeshavilipia. Tofu laini, ile inayotetemeka kama maziwa mgando, ingekuwa katika hali mbaya zaidi, na ndiyo maana watengenezaji wake huifungasha kwenye pakiti za karatasi ngumu zenye tabaka la alumini, ambamo maziwa yaliyokwisha kuuliwa vijidudu hugandia humohumo ndani. Hiyo nayo hukaa rafuni bila friji, na kwa mtu anayetaka tofu nyeupe ya akiba, pakiti hiyo inalishinda kopo kwa mbali.

Sifa za kopo zinaanza pale mtengenezaji anapoacha kushindana na tofu mbichi. Viwanda vya Taiwan na vya kusini mwa China hukaanga vipande kwanza katika mafuta mengi, mpaka nje pawe na ngozi ya dhahabu na ndani pajae matundu kama ya sifongo, kisha huvitia katika mchuzi wa soya, sukari na mafuta ndipo huvifungia koponi. Sasa moto wa nyuzi 121 unakuta kitu kilichokwisha kupoteza sehemu kubwa ya maji yake, chenye ngozi ya kukishikilia, na matundu yaliyo tayari kunywa mchuzi. Kinachotoka ni kitoweo kilichoiva mpaka ndani, ambacho watu wa Taiwan wanaweza kukila asubuhi na uji wa mchele bila kukipasha moto. Hali hii haina tofauti na ile ya sadini, ambazo mtambo wa mvuke huzilainisha miba mpaka ikaliwa pamoja na nyama, jambo ambalo jiko la nyumbani haliliwezi kwa urahisi. Kuna vyakula ambavyo kopo huviharibu na kuna vingine ambavyo kopo huvimalizia mapishi, na tofu imo katika makundi yote mawili, kutegemea ilivyoandaliwa kabla ya kifuniko kuzibwa.

Wenye tofu yao wenyewe walilijua jambo hili zamani. Wajapani waliiacha igande katika baridi ya milimani kisha wakaikausha, wakapata kipande chepesi kama sifongo kinachokaa kwa miezi na kurudishwa uhai kwa maji ya moto. Wachina waliichachusha na kuitia katika maji ya chumvi, mara nyingi pamoja na pombe ya mchele, mpaka ikawa laini na kali kama jibini iliyokomaa. (Msomaji Mwislamu na asome kibandiko cha tofu ya namna hiyo kwa makini.) Katika njia zote hizo hakuna aliyejaribu kumshawishi mlaji kwamba anakula tofu ya asubuhi hiyo.

Swali la kuvutia zaidi ni nani hasa alihitaji tofu ndani ya kopo, kwa sababu mtu mwenye mtengenezaji wa tofu mtaani kwake hakuihitaji. Jibu moja liko Marekani, miongoni mwa Waadventista Wasabato. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wao John Harvey Kellogg, aliyeendesha hospitali ya mapumziko huko Battle Creek, Michigan, alikuwa akiuza vyakula vya makopo vilivyotengenezwa kwa karanga ili vichukue nafasi ya nyama. Chuo cha Madison, karibu na Nashville katika jimbo la Tennessee, kilichoanzishwa na waumini wa kanisa hilo mwaka 1904, kilikuja kuwa na kiwanda cha vyakula vya soya, na kufikia miaka ya 1930 jibini ya soya ya makopo, ambayo ni tofu kwa jina lingine, ilikuwa ikiuzwa na makampuni ya Waadventista. Sababu yake ni jiografia. Waumini wasiokula nyama walikuwa wachache, wametawanyika katika miji na mashamba ya nchi kubwa, na hakuna mji mmoja uliokuwa na walaji wa kutosha kumlisha mtengenezaji wa tofu mbichi. Kopo liliwakusanya walaji hao katika soko moja kwa kulipunguzia tatizo la umbali makali yake. Ndivyo lilivyo hadi leo kwa mwanafunzi wa Taiwan aliyeko ughaibuni, na ndivyo lilivyo kwa Mtanzania asiyekula nyama anayefanya kazi wilayani ambako neno tofu lenyewe linahitaji maelezo.

Kopo, basi, ni chombo cha walaji waliotawanyika. Walaji wanapokuwa wengi na karibu, faida yake kubwa huyeyuka. Rwanda ni ushahidi ulio karibu nasi kuliko wote: tofu huko imekuwa chakula cha kawaida, hutengenezwa na wajasiriamali wadogo, huuzwa sokoni, na katika sehemu za kula za Kigali huletwa mezani ikiwa imekaangwa au imetungwa kwenye mishikaki kama nyama. Kaskazini mwa Nigeria huitwa awara, na wanawake huikaanga kando ya barabara na kuila na pilipili. Hakuna mahali kati ya hapo ambapo watu walihitaji bati kutoka ng'ambo ili waanze. Walihitaji soya, kinu, sufuria, kitambaa, na mnunuzi anayepita kabla jua halijazama.

Nasi soya tunayo. Wajerumani waliijaribu Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne iliyopita, na leo inalimwa Ruvuma, Njombe, Iringa, Mbeya na Morogoro, huku Uganda ikiilima na kuiuza hata Kenya. Sehemu kubwa ya soya yetu huishia katika chakula cha kuku. Kiasi huingia katika uji wa lishe, na kiasi hukaangwa na kusagwa kuwa kinywaji cha moto kinachochukua nafasi ya chai na kahawa, desturi ambayo Waadventista wa Gusii, Mara na Upare wamesaidia kuieneza. Mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania. Sisemi kwamba punje zilizotoka Songea ndizo zinazorudi zikiwa katika mchuzi ndani ya kopo la rafu ya chini, lakini safari hizo mbili, moja ya punje na moja ya bati, zinapishana baharini, na tofauti ya bei kati yake ni ujira wa kazi ambayo haikufanyika hapa.

Hata hivyo sitaki kulidharau kopo kwa haraka, kwa sababu kuna hesabu moja ambayo wapenzi wa vyakula vibichi huiruka: hesabu ya moto na saa. Soya kavu yenyewe ni chakula cha akiba kisichohitaji bati. Ikikaushwa vizuri na kukingwa na unyevu hukaa ghalani kwa miezi mingi, na kilo moja yake huweza kutoa tofu ya kilo moja na nusu hadi mbili. Kwa fedha taslimu hakuna kopo litakaloishinda kilo hiyo, nami sijawahi kuona kopo la kuagizwa ambalo hata lingeikaribia. Lakini kilo hiyo inadai usiku wa kuloweka, mkono au mashine ya kusaga, mkaa wa kuchemshia, mtu wa kusimama kandokando ya sufuria isifurike (maziwa ya soya hufurika kwa ghafla na kwa hila kuliko ya ng'ombe), kuchuja, kukandamiza, na mwisho friji ya kuweka kilichobaki. Anayerudi nyumbani saa mbili usiku baada ya kugombea daladala mbili, akakuta umeme umekatika na mkaa umebaki vumbi, hafaidiki na ubichi wa kitu asichoweza kukipika. Kiwanda kimeshachoma moto wote kwa niaba yake, tena kwa maelfu ya makopo kwa mpigo. Ndiyo hoja iliyoingiza tui la kopo katika nyumba ambazo bado zina mbuzi ya kukunia nazi uvunguni, na waliolikejeli zamani wanalo kabatini kwa ajili ya mgeni wa ghafla.

Kwa upande wa lishe mizani haiko mbali na usawa. Protini hubaki karibu yote, vitamini zisizopenda joto kama B1 hupungua, na kama mgando ulifanywa kwa jasi, kalsiamu yake nayo ipo. Tatizo ni kile kilichoongezwa. Tofu ya kukaanga iliyo katika mchuzi wa soya hubeba mafuta na chumvi ambavyo tofu mbichi haikuwa navyo, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi ambacho ugali, mboga na kachumbari vyetu hukikaribia bila msaada wa kopo. Anayekula tofu ili aepuke shinikizo la damu, kisha akanywa na mchuzi wa koponi, amejizunguka. Mchuzi wa soya mara nyingi hutengenezwa pia kwa ngano, jambo la kuangaliwa na asiyevumilia ngano. Na yeyote anayelinganisha bei atazame uzito wa kitoweo baada ya mchuzi kumwagwa, kwani uzito ulioandikwa kwa herufi kubwa hujumlisha yote.

Utando wa ndani ya kopo ni suala linalozusha kelele nyingi kuliko nuru. Kemikali iitwayo BPA, iliyotumika kwa miaka mingi katika utando huo, ilishushiwa kiwango chake cha usalama mara 20,000 na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku yake katika vifungashio vya chakula mwishoni mwa 2024. Kwa hiyo wasiwasi si wa kubuni. Lakini unahusu pia sadini, nyanya na maharage, na mtu anayefungua kopo la tofu mara moja kwa mwezi ana mambo makubwa zaidi ya kuhofia. Bati lenyewe, tofauti na kibweta cha plastiki, halitupwi ovyo kwetu: huwa kipimo cha mchele gengeni, huwa koroboi, huwa chungu cha mche wa pilipili, na likichoka kabisa huchukuliwa na mnunuzi wa chuma chakavu.

Anayefikiria kuanzisha biashara ya tofu katika mikoa yetu ya soya ningemshauri asianze na kopo. Mtambo wa mvuke wa shinikizo ni ghali, makopo yananunuliwa kwa wingi mkubwa, na kosa la nyuzi chache za joto si hasara ya fedha tu. Kwa sehemu ndogo ya mtaji huo hupatikana mashine ya kusaga, sufuria kubwa na friji ya kibandani, na machicha yanayobaki hununuliwa na wafugaji. Kopo litapata nafasi yake walaji wa mbali watakapoanza kuuliza, na hapo litakalofaa kutiwa ndani yake ni tofu iliyokaangwa na kuungwa kwa nazi, binzari na ndimu, kitoweo ambacho moto wa kiwandani haukidhuru.

Mpaka hapo, kopo ninaloweka kabatini ni lile la vipande vya kukaanga. Hulifungua, humwaga mchuzi wote pamoja na mafuta yake, huviosha vipande kwa maji ya moto mara mbili, huviminya kidogo kama mtu anavyominya sifongo, kisha huviingiza katika mchuzi wa nazi wenye nyanya na bizari dakika tano kabla ya kuepua, vikanywa tui badala ya kile vilichokuwa vimenywa. Chumvi huja mwisho kabisa, baada ya kuonja, na mara nyingi huwa haihitajiki.